Maonyesho ya teknolojia kwa watoto mtaani kwenu: anza na fundi redio, kompyuta itafuata

Kabla hujaazima projekta wala kutafuta mgeni rasmi, nenda kamtafute fundi redio. Karibu kila mtaa una wake: kibanda cha mbao, meza iliyojaa matumbo ya redio, na rafu ya vitu ambavyo wenyewe waliviacha wakaahidi kurudi kesho. Huyo fundi na hiyo rafu ni nusu ya shughuli yako.

Maonyesho mengi tunayowaandalia watoto yana kasoro moja kubwa: mtoto anaangalia tu. Anapangwa foleni, anaoneshwa roboti kwa mbali, anaambiwa asiguse, anapigwa picha akiwa na tisheti mpya, anarudi kwao. Hapa nazungumzia shughuli ya aina nyingine, ambapo mtoto wa miaka 7 hadi 14 anashika, anafungua, anakosea na kurudia, kwa vitu vinavyopatikana mtaani na bila kutegemea umeme wa ukutani. Nimeandika nikiwa na mtaa wa mjini Tanzania akilini. Ukiwa Mombasa au Goma badilisha vyeo vya viongozi. Betri na waya ni zilezile.

Hatua ya 1: Ruhusa na siku

Anzia kwa mjumbe wa shina, kisha mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji. Usipeleke maneno matupu. Peleka karatasi moja inayoonesha siku, saa, mahali, idadi ya watoto na nani atakaa nao. Kiongozi akijua hutafuti mchango wala hufanyi siasa, mara nyingi atakupa ofisi ya mtaa au uwanja wake bure, na mabenchi juu.

Siku ni suala gumu kuliko ruhusa. Jumamosi utawakosa Wasabato, Jumapili utawakosa wa kanisani, na asubuhi zote mbili kuna mitaa ambayo watoto wako madrasa. Ulizia ratiba ya ustadhi kabla ya kutangaza, ukitaka kukwepa maneno. Likizo ya Juni ni nzuri: shule zimefungwa na masika yameshapita. Anza saa tatu asubuhi, maliza saa sita. Baada ya hapo njaa inaingia, na mtoto mwenye njaa hana habari na sumaku yako.

Mahali pawe na kivuli. Mti mkubwa au turubai vinatosha, na mikeka ni bora kuliko viti, kwa sababu skrubu ikidondoka kwenye mkeka inaonekana.

Hatua ya 2: Watu wa mezani

Unahitaji mtu mzima mmoja kwa kila meza na watoto wasiozidi sita mezani kwa wakati mmoja. Fundi redio, fundi simu, fundi baiskeli, yule kijana anayefunga sola, dada anayesoma chuo cha ufundi: hao ndio walimu wako. Wengi watakwambia hawawezi kufundisha. Waambie hakuna kufundisha, kuna kukaa na watoto wanaochezea vitu.

Kisha wape sheria moja, na uisimamie: mikono nyuma. Mtu mzima haruhusiwi kushika kifaa ambacho mtoto anakihangaikia, isipokuwa kuna hatari. Ni sheria ngumu kuliko inavyosikika. Fundi aliyefungua redio maisha yake yote akimwona mtoto anazungusha bisibisi kinyume, vidole vinamwasha. Asipojizuia atamnyang'anya, atafungua yeye, na mtoto atabaki anatazama kama kwenye maonyesho mengine yote. Anachoruhusiwa ni kuuliza: umeona nini? Unadhani kwa nini? Ukigeuza upande wa pili itakuwaje?

Panga mapema suala la wasichana. Ukiacha mambo yaende yenyewe, wavulana wakubwa watajaa mezani na wasichana watasimama nyuma wakiwa wamebeba wadogo zao. Weka watoto wawiliwawili kwa kila kifaa, mmoja anashika na mwingine anaelekeza, wabadilishane kengele ikilia, na zamu ya kwanza ya kushika aipate msichana. Tandika pia mkeka mmoja wenye mama wa kuangalia wadogo, la sivyo dada mtu hataigusa bisibisi siku nzima.

Hatua ya 3: Kukusanya vitu

Wiki mbili kabla, weka boksi kwa fundi na jingine dukani kwa Mangi, watu walete vibovu: redio za kaseti, deki za DVD, kibodi, mausi, tochi za Kichina, feni, spika. Kwa wauza chuma chakavu utapata vingine kwa bei ya kilo. Kwa fundi anayefunga upya koili za mota (waya uliozungushwa mara nyingi) omba mabaki ya waya mwembamba wa kopa wenye vanishi. Tochi mbovu usizidharau: betri ndiyo iliyokufa, ila zile taa ndogo za LED ndani bado nzima na utazihitaji.

Vya kununua ni vichache: bisibisi ndogo za nyota na bapa, betri kubwa za tochi, betri ndogo za rimoti (za AA), tepu ya umeme, malimau na misumari ya bati, ile ya kuezekea iliyopakwa zinki.

Hatua ya 4: Vitu ambavyo haviingii uwanjani

Hapa usilegeze hata kidogo. Kaa na fundi siku moja kabla mkague kila kilicholetwa.

Televisheni ya chogo irudishwe ilikotoka. Ndani yake kunaweza kubaki umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa, na kioo chake kikipasuka kinaruka. Maikrowevu nayo vivyo hivyo, kapasita yake, yaani kile kifaa kinachohifadhi chaji, inaua. Simu zote zitolewe betri kabla, na betri iliyovimba isiguswe kabisa, kwa sababu ikitobolewa inawaka moto. Taa za tyubu na zile za kujipinda zina zebaki. Printa ya wino wa unga itachafua mapafu ya kila mtu.

Betri za kifungo, zile bapa za saa na rimoti ndogo, ondoa zote. Mtoto akimeza moja ikakwama kooni inaweza kumuunguza ndani kwa saa mbili tu, na mwanzoni haoneshi dalili ya maana. Ikitokea, ni hospitali moja kwa moja, bila kusubiri na bila kumtapisha. Kuna miongozo mingi inayotumia betri hizi kuwashia taa kwa sababu ni rahisi; kwenye uwanja wenye watoto wa miaka miwili wanaotambaa huku na huko, mimi siziruhusu.

Kila kifaa kilichokuwa cha kuchomeka ukutani kikatwe waya wake kabisa, na plagi itupwe. Mtoto hawezi kuchomeka kitu kisicho na waya. Fundi afungue mwenyewe sehemu ya kupokea umeme kwanza na kumaliza chaji kwenye kapasita kubwa, kisha afunge tena. Na kuchomelea kwa risasi ni kazi ya fundi peke yake, upande ule upepo unakoelekea nje.

Hatua ya 5: Meza zenyewe

Usipange meza nyingi. Nne zinatosha, dakika 20 kila moja, kisha kengele. Nitazieleza kwa mpangilio ninaoupenda, ingawa watoto wataanza popote.

*Meza ya kufungua.* Hii ndiyo itakayojaa. Toa redio mbovu, bisibisi na kifuniko cha chupa cha kuwekea skrubu. Swali la kwanza lisiwe "hiki kinaitwaje?" bali "sauti inatokea wapi?" Wafuate waya kutoka kwenye betri mpaka kwenye spika kwa kidole, polepole, kama wanavyofuata mstari wa kitabu. Wakishaitoa spika, mpe mmoja betri ndogo ya volti 1.5 na vipande viwili vya waya. Aguse ncha mbili za spika. Itasikika "tak!" na kile kikaratasi cheusi kitaruka. Sasa weka punje chache za mchele juu yake, aguse tena: mchele unaruka. Ageuze betri: safari hii kikaratasi kinazama badala ya kuinuka. Waache hapo. Kuna mtoto atakayeanza kugusa harakaharaka mpaka ikatoa mlio wa kukwaruza, na huyo ameshagundua spika inafanyaje kazi kabla hujasema neno koili.

Usiwalazimishe kurudishia. Ukisema "mkifungua lazima mfunge", waoga hawatafungua. Anayetaka kurudishia, fundi amsimamie.

*Meza ya umeme.* Geuza baiskeli juu chini, yenye dainamo ya taa. Mtoto azungushe pedeli kwa mkono, taa iwake. Hilo kila mtu ameliona, kwa hiyo lisiishie hapo. Weka swichi kati ya dainamo na balbu, mwambie afumbe macho huku akizungusha, halafu washa na uzime bila kumwambia. Muulize lini pedeli ilikuwa nzito. Ataisikia tofauti mkononi: taa ikiwaka, kazi inaongezeka. Hapo ndipo pa kusema kwamba pale Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, kuna mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na kinachofanyika ni hikihiki: sumaku na koili vinazungushwa, ila kwa maji badala ya mkono wake. Ukianza na megawati hakuna atakayejali. Ukianza na mkono uliochoka, wanasikiliza.

Pembeni weka betri mbili za rimoti zilizounganishwa, volti 3, na LED nyeupe mlizotoa kwenye tochi. Haziwaki? Geuza miguu, LED inapitisha umeme upande mmoja tu. Nyeupe na bluu zinaivumilia volti 3. Nyekundu itaungua, hivyo iwekee rezista ya omu 100, kile kipande kidogo cha kupunguza umeme.

Wakati ukiruhusu, fanyeni betri ya malimau. Kila limau lichomekwe msumari wa bati na kipande cha waya wa kopa uliokwanguliwa, visigusane. Limau moja linatoa pungufu kidogo ya volti 1, kwa hiyo panga matatu au manne mfululizo, kopa ya hili kwenye msumari wa lile, na mwisho weka LED nyekundu. Mwanga ni hafifu, uangalieni ndani ya boksi lenye giza. Watoto watasema umeme umo ndani ya limau. Waulize basi kwa nini msumari mtupu usio na zinki, au kopa pande zote mbili, haufanyi kazi vilevile. Zinki ndiyo inayoliwa; limau ni njia ya kupitia. Malimau hayo yasiende kwenye juisi.

*Meza ya mota.* Ya wakubwa, kuanzia miaka 10 hivi, na inataka subira. Laza betri kubwa ya tochi, bana pini za nepi mbili kwenye ncha zake kwa raba, moja kila upande, ncha yenye kitundu ikiangalia juu. Bandika sumaku ndogo ya spika juu ya betri. Zungusha waya wa vanishi kama mara kumi kuzunguka betri nyingine, uvue ukiwa pete, acha mikia miwili ikitokeza pande zinazotazamana, kisha upitishe mikia hiyo kwenye matundu ya pini ili pete ining'inie juu ya sumaku.

Siri iko kwenye kukwangua vanishi. Mkia mmoja ukwanguliwe kuzunguka kote. Wa pili uulaze ukingoni mwa meza pete ikiwa imesimama wima, ukwangue upande wa juu tu, wa chini uache na vanishi yake. Mkia wote ukikwanguliwa, umeme haukatiki, sumaku inaivuta pete mpaka mahali fulani kisha inaishikilia hapo, inatetemeka na kusimama. Upande uliobaki na vanishi unakata umeme nusu ya mzunguko, pete inapita kwa msukumo wake, umeme unarudi, inasukumwa tena. Isukume kidogo kwa kidole kuianzisha. Ikizunguka hata sekunde tano utasikia kelele mpaka barabarani. Ikikataa, mwenye meza aulize tu: pete iko sawasawa pande zote? Umekwangua wapi? Betri inapata moto kwa hiyo ukimaliza toa pete.

*Meza ya kompyuta bila kompyuta.* Tengeneza kadi tano kubwa zenye nukta 16, 8, 4, 2 na 1. Watoto watano wasimame mstari, kila mmoja na yake. Aliyesimama anahesabiwa, aliyechutama ni sifuri; kompyuta nayo huhesabu hivihivi, kwa kuwasha na kuzima. Ita namba: "Kumi na tatu!" Wanaangaliana, wanabishana, kisha wa 8, wa 4 na wa 1 wanabaki wamesimama. Kwa watoto watano unapata kila namba kutoka 0 hadi 31. Sasa herufi: bila Q na X, ambazo Kiswahili hakizihitaji, tuna 24, kwa hiyo A ni 1, B ni 2, mpaka Z ni 24, na bado nafasi zinabaki kwa nukta na mkato. Neno MAJI ni 13, 1, 10, 9. Timu moja iwe upande huu wa uwanja, nyingine upande ule, watumiane neno kwa kusimama na kuchutama bila kufungua mdomo. Wakikosea herufi moja na neno likageuka upuuzi, mshangilie, maana ndivyo ujumbe unavyoharibika njiani.

Kisha roboti wa chai. Mtu mzima anajifanya roboti mwenye sufuria tupu, maji, majani, sukari na kikombe, bila moto wowote. Watoto wanamwamuru. "Weka majani!" Roboti anaweka pakiti nzima sufuriani, bila kuifungua. "Fungua kwanza!" Anafungua, anamwaga yote. "Chemsha!" Anachemsha sufuria isiyo na maji. Baada ya vicheko wapeni karatasi waandike maelekezo upya, hatua kwa hatua, wajaribu tena. Ndipo watakapotaka wenyewe maneno kama "kama maji hayajachemka, subiri" na "rudia mara mbili". Mwenye kuigiza asimwonee huruma mtu yeyote. Akibuni hata jambo dogo ambalo hakuamriwa, mchezo umeharibika.

Ukipata kompyuta mpakato moja, iweke hapa kando ya meza hii, si mahali pa heshima katikati ya uwanja. Pakia mapema Scratch, programu ambayo mtoto anaiandikia amri za kumwendesha paka kwenye kioo, iliyotolewa na watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Ni bure, inafanya kazi bila intaneti ukishaipakua, na unaweza kuchagua Kiswahili kwenye lugha zake. Mmoja ashike mausi, mwingine aseme la kufanya, dakika tano kisha wapishane. Mtoto aliyemfokea roboti wa chai anaelewa haraka kwa nini paka wa kwenye kioo hatembei mpaka aambiwe hatua ngapi.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Hotuba ya mwenyekiti iwe mwisho, na fupi. Ukimpa mwanzo, saa nzima imekwenda na watoto wameshachoka kabla hawajagusa kitu.

Andikisha kila mtoto kwa jina na namba ya simu ya mzazi. Picha usipige hovyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, mzazi aulizwe kwanza. Maji ya kunywa yawepo, na ndoo yenye sabuni ya kunawa kabla ya mtu yeyote kula, kwa sababu ndani ya vifaa vya zamani kuna madini ya risasi na vumbi la miaka.

Mtoto asiyeona mpeleke meza ya kufungua na ya baiskeli kwanza. Spika inayoruka na pedeli inayokuwa nzito ataihisi kwa vidole kuliko wengi wenye macho.

Kengele ya mwisho ikilia, hesabu bisibisi kabla watoto hawajaondoka, wala si baada. Betri zilizokwisha zikusanywe kwenye kopo moja zisitupwe jalalani kwenye moto. Vipande vya kopa na vyuma virudi kwa muuza chakavu. Hela yake inanunua betri za mara nyingine.

Hatua ya 7: Wazazi waonywe

Jioni ile, nyumba kadhaa zitapata fundi mpya. Ongea na wazazi kabla hawajaondoka, uwaambie wazi kwamba bisibisi itatafutwa, na redio ya babu iko hatarini. Wasiwagombeze; wawape kitu chao. Ndiyo maana kila mtoto anapaswa kuondoka na kifaa kimoja kibovu mkononi, kilichokaguliwa na kukatwa waya, kikiwa na karatasi iliyobandikwa kwa tepu na kusainiwa na fundi: "Hiki kimeruhusiwa kufunguliwa. Vingine vyote vya nyumbani, uliza kwanza." Na chini yake, kibanda cha fundi kilipo na siku ambayo yuko tayari kupokea mtoto mwenye swali.